Madeni ya Shangazi: Kutoka Dar es Salaam hadi Ujiji kwa Reli ya Kati

Jumatatu, Dar es Salaam

Shangazi yetu alifariki akiwa na umri wa miaka 83, na siku ya maziko yake, kama ilivyo desturi, msemaji wa familia alisimama makaburini akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu, au anayejua kuwa anadaiwa naye, aonane na wafiwa. Kwa marehemu wengi tangazo hilo huleta watu wawili watatu wa mtaani na mambo yakaishia hapo. Kwa Shangazi lilitufungulia kazi, kwa sababu wadai na wadaiwa wake wengi hawakuwapo mtaani Gerezani siku ile. Walikuwa wametapakaa kando ya Reli ya Kati, kuanzia Dodoma hadi Ujiji, na habari zao zote zilikuwa ndani ya kaunta buku moja nene ambalo jalada lake alikuwa amelishona upya kwa uzi wa gunia.

Kikao cha familia kiliamua kwamba madeni hayo yamalizwe kabla ya arobaini, na kwamba yasimalizwe kwa simu pale ambapo mtu anaweza kufikiwa kwa miguu. Niliteuliwa mimi kwa kuwa ndiye ninayesoma mwandiko wake, na akateuliwa binti yake wa kwanza, ambaye sote tunamwita Dada, kwa kuwa deni la mzazi humwangukia mwana kabla ya mtu mwingine. Dada hakulipokea jukumu hilo kwa furaha. "Huko huko reli alikokuwa anakwenda akituacha kwa bibi, leo mimi ndiye nikamlipie," alisema, na hakuna aliyembishia.

Niseme kwa ufupi alikuwa mtu wa namna gani. Alizaliwa Tabora, akaolewa na gadi wa treni wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na ile pasi aliyostahili kama mke wa mfanyakazi aliitumia kuliko alivyoitumia mumewe. Alinunua khanga Kariakoo akaziuza Tabora, akarudi na asali. Alichukua dagaa Kigoma akawapeleka Dodoma. Alivuka Ziwa Tanganyika kwa meli ya Liemba hadi Mpulungu, Zambia. Reli ilipounganishwa kati ya Ruvu na Mnyusi mwaka 1963, alianza kwenda Tanga na Moshi, akavuka Voi hadi Mombasa, na huko alipata shoga ambaye hakumwona tena kwa miaka kadhaa baada ya mpaka wa Kenya kufungwa Februari 1977. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ilipokamilika, hakutulia hadi alipofika New Kapiri Mposhi. Biashara ndiyo aliyoitaja kila alipoaga, lakini nimeyapitia mahesabu yake ukurasa kwa ukurasa, na sioni faida ya kumtoa mtu nyumbani mara nyingi kiasi hicho.

Ninachokiona ni watu. Daftari halina majina kamili, bali vitambulisho alivyowapa mwenyewe, na kila deni lina maelezo yake pembeni. "Mama wa duka la kona, Manyoni, debe la karanga, asiulizwe mwaka huu, mvua haikunyesha." "Kijana wa taa, Saranda, 500, nimesamehe, mkewe kajifungua pacha." Kwa mhasibu, hilo ni daftari bovu kabisa.

Jumanne, Dar es Salaam hadi Dodoma

Tuliondoka kwa treni ya umeme. Huduma hii ilianza kufika Dodoma mwezi Julai 2024, na Shangazi, ambaye wakati huo magoti yalikuwa yameshamsaliti, alidai apandishwe katika miezi yake ya mwanzo. Alirudi akiisifu kwa usafi na kuilaumu kwa ukimya. Alilalamika kwamba madirisha hayafunguki, kwamba kila mtu ameinamia simu yake, na kwamba alimsalimia jirani yake Pugu lakini hadi Morogoro hakuwa amejua mtu huyo ni wa wapi. Safari ambayo zamani ilimaliza usiku kucha sasa inachukua takriban saa nne, na kwake yeye hilo lilikuwa punguzo la mazungumzo.

Baada ya Kilosa treni iliingia katika mahandaki, ikatoka, ikaingia tena. Pale chini, reli ya zamani hupita sambamba na mto Mkondoa, na mto huo umeing'oa mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kukumbuka. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliiharibu vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi mingi treni za abiria za kwenda bara zikawa zinaanzia Dodoma. Shangazi alikuwa anaukaribia umri wa miaka 70. Watoto wake walidhani kwamba sasa atapumzika. Yeye akapanda basi hadi Dodoma, akadandia treni huko, na kuendelea kama kawaida. Dada alinikumbusha kisa hicho bila kutabasamu.

Jumatano, Dodoma na usiku wa Saranda

Mdai wa Dodoma alikuwa fundi cherehani mstaafu, aliyekuwa akimdai Shangazi ujira wa magauni matatu. Tulimsalimu kwa "Mbukwenyi", kama Shangazi alivyotufundisha utotoni kwamba Mgogo asalimiwe kwa lugha yake kabla hujamweleza shida. Alipokea fedha, akazihesabu mara mbili, akatia saini, akatupa pole na kutukaribisha zabibu. Ilikuwa rahisi hivyo, na kwa kweli nilitamani wote wawe kama yeye.

Usiku tulihamia treni ya zamani, katika behewa la daraja la pili la kulala, ambalo madirisha yake yanafunguka. Tulivuka bonde la Bahi gizani. Tulipokaribia Saranda, Dada aliketi kitandani, akafungua dirisha, akaanza kunisimulia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kama utani wa familia, lakini sikuwahi kulisikia kutoka kwake.

Saranda ni stesheni ya kuku. Abiria wa Reli ya Kati wa miaka yote wanaijua kwa kuku wa kienyeji wanaoletwa hadi dirishani katika mabeseni. Mwaka mmoja, Dada akiwa na umri wa miaka sita, mama yake alishuka hapo kununua kuku, akakutana na mwanamke ambaye walikuwa hawajaonana tangu msimu uliopita, na mazungumzo yakakolea. Treni ikapiga honi, ikaondoka. Shangazi alibaki jukwaani na paja la kuku mkononi, na mtoto akabaki kwenye behewa na mizigo yote. Katika familia yetu kisa hiki kimesimuliwa harusini na matangani, na kila mara watu hucheka anapobaki na lile paja. Hakuna aliyewahi kuuliza nini kilimpata mtoto.

Kilichompata ni kwamba alilia hadi Manyoni, akalia hadi Itigi, na hapo mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga alimsikia, akapanda behewani, akamshusha pamoja na mizigo baada ya kukubaliana na stesheni masta, na kwenda kumlaza nyumbani kwake. Shangazi alifika kesho yake jioni kwa treni ya mizigo. Dada anakumbuka harufu ya blanketi la nyumba ile, na anakumbuka kwamba mama yake alipofika alimkumbatia yule mwanamke kwanza.

Katika ukurasa wa pili wa daftari, juu kabisa, pameandikwa: "Itigi, mama wa karanga. Alimlaza mwanangu." Mbele yake hakuna kiasi. Chini yake kuna mistari mingi, kila mmoja kwa kalamu tofauti: kilo mbili za sukari, doti ya khanga, sabuni, ada ya shule ya mjukuu, tena doti ya khanga, na inaendelea hivyo kwa miaka zaidi ya arobaini bila kufungwa. Nilikuwa nimeufikiria kuwa wa mteja mkaidi asiyelipa. Dada aliusoma ukurasa huo kwa tochi ya simu, kimya, kisha akaniuliza kwa nini sikumwonyesha tangu Dar es Salaam.

Itigi tulifika usiku mwingi. Mama wa karanga alikwishatangulia mbele ya haki, lakini binti yake, ambaye tulikuwa tumempigia simu, alisimama jukwaani na kijana aliyeshika taa. Dada alishuka na doti ya khanga. Sikusikia walichozungumza kwa kuwa nilibaki kulinda mizigo, na safari hii nilihakikisha kwamba gadi anajua kuna abiria wangu chini.

Alhamisi, Tabora

Tulishuka asubuhi, tumechoka na tumejaa vumbi. Tabora bado ina miembe yake mikubwa barabarani, na ndugu za Shangazi bado wanakaa katika nyumba alimozaliwa. Tuliamkiwa kwa "Mwangaluka", tukapewa maji ya kuoga, na watu wakaanza kuingia kutoa pole kabla hata hatujamaliza chai.

Hapa ndipo alipopatia mazoea yake, nadhani. Tabora ni njia panda: reli ilifika mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Mtoto aliyekulia jirani na stesheni kama hiyo anajifunza mapema kwamba wageni huja kila siku na kwamba kila mgeni ana habari. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia Januari 1958, chama cha TANU kilipofanya mkutano wake mkuu hapa na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Alikuwa msichana, na yeye na wenzake walitumwa kuwachotea maji wajumbe waliofikia kwa wenyeji wa mtaa ule. Kuhusu hoja zilizojadiliwa alikumbuka kidogo sana. Alichokumbuka ni nani alitoka Lindi, nani alitoka Bukoba, na nani kati yao aliomba kuongezewa mchuzi.

Jioni alikuja shoga yake mkubwa, bibi wa umri wake, anayetembea kwa mkongojo na kuzungumza kwa sauti ya mtu wa sokoni. Tulimpigia magoti tukamwamkia, kisha tukamwomba atusaidie kurasa ambazo zilitushinda, za mwaka 1983 na 1984, ambazo zimejaa majani ya chai. Majani pisi sita, majani pisi nne, majani ya Kigoma. Tulishangaa kwa nini majani ya chai yahesabiwe kwa pisi, na kwa nini yatoke Kigoma badala ya Mufindi au Usambara.

Bibi alicheka hadi akakohoa. "Hivyo ni vitenge, wajukuu zangu," alisema. Mwaka 1983 serikali ilianzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, bidhaa zilikuwa adimu madukani, na mtu aliyekutwa na mzigo asioweza kuueleza aliweza kuishia mahabusu. Vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Zaire vilikuwa miongoni mwa mizigo hiyo. Wengine walitupa mali mitoni na vichakani. Shangazi alivaa vitenge vitatu vitatu chini ya gauni, akapanda treni akiwa amenenepa ghafla, na hofu yake yote akaimalizia katika daftari kwa kubadili jina la bidhaa. Bibi alikuwa mshirika wake. Kwa hesabu zake alikuwa bado anadaiwa pisi mbili za "majani", na alizileta, zimekunjwa ndani ya gazeti, rangi zikiwa bado kali.

Siwezi kumsifu Shangazi kwa magendo, na yeye mwenyewe hakujisifu. Hata hivyo, nikilinganisha kurasa hizo na zilizotangulia, naona kwamba katika miaka hiyo ya uhaba ndipo alipogawa zaidi kuliko alivyouza.

Ijumaa, Tabora

Swala, dua nyumbani, pilau, na wageni wengine. Tulilipa madeni madogo matatu na kupokea moja. Treni ya Kigoma ilikuwa ya kesho.

Jumamosi, Tabora hadi Kigoma

Sehemu hii ya njia ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na nadhani sababu ni kwamba stesheni ni nyingi na treni haina haraka. Urambo tulisimama kwa muda mfupi. Watu wengine wanaukumbuka kwa Mtemi Mirambo, wengine kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuanguka vibaya, na wa leo wanaujua kwa tumbaku. Shangazi aliujua kwa dirisha. Kila aliposafiri, mwanamke mmoja wa hapo alikuja kusimama usawa wa behewa lake, akampa dumu la asali, akapokea kifurushi cha chumvi au nguo, na mazungumzo ya mwaka mzima yakafanyika katika dakika hizo chache. Hawakuwahi kuketi pamoja. Dada aliinama dirishani na kukabidhi fedha ya dumu la mwisho, na yule mama, sasa mzee mwenye mvi, alimshika mkono na kutembea na treni hadi jukwaa lilipokwisha, akiuliza mfululizo: aliugua nini, aliugua siku ngapi, alisema nini, nani alimwosha. Dada alijibu yote kwa sauti ya juu, behewa zima likisikia.

Kaliua, ambako tawi la Mpanda huchepukia, tulimkosa mdai mmoja aliyehamia Mpanda kwa mwanawe. Huyo tulimtumia fedha kwa simu. Tulivuka Malagarasi mchana, na Uvinza, penye chumvi iliyomtajirisha kila mtu isipokuwa Shangazi, tulimkuta mdaiwa mwenye deni kubwa kuliko wote katika daftari. Alikuja stesheni na wanawe wanne kutuomba muda. Pembeni mwa deni lake Shangazi alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa miaka ya karibuni, "Mwacheni." Tulimwonyesha. Akaomba apige picha ukurasa huo.

Jumapili, Kigoma

Reli inaishia hapa, mbele ya jengo la stesheni la Wajerumani linalotazama ziwa. Tuliteremka hadi bandarini kwa ajili ya Shangazi tu, maana meli ya Liemba ilikuwa imesimama kwa muda mrefu. Historia ya meli hiyo aliisimulia kana kwamba alikuwapo: ilivyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa na kuletwa vipande vipande hadi hapa, ilivyoshushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani walivyoizamisha wenyewe mwaka 1916 wasiiachie adui, ilivyoibuliwa mwaka 1924 na kuanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina jipya. Alipofika hapo kila mara aliongeza kwamba yeye, tofauti na meli, alikuwa hajazama hata mara moja.

Mwenyeji wetu, mpwa wa rafiki yake wa zamani, alitukumbusha mwaka 2015. Shangazi alikuwa amekuja Kigoma kwa harusi ya siku mbili. Mwezi Mei maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji cha mwambao kisicho na barabara ya maana, na Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma, ambako walipokewa kwa muda katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika. Shangazi alikwenda kutazama, akasikia Kirundi alichojifunza kwenye biashara zake, akarudi kuazima sufuria. Alikaa wiki kadhaa akipika uji na kuwaandikia watu namba za simu za ndugu zao. Nyumbani tulikuwa tumekasirika kwa sababu alikosa kusimamia kazi ya kujenga choo chake mwenyewe, na fundi alikwenda mrama. Dada alisema hasira yake ya choo bado anaiona kuwa halali, na mimi naafiki.

Jumatatu, Ujiji

Wageni huja Ujiji kutazama mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Shangazi aliwaheshimu wote wawili, lakini alishangaa kwamba mji uliokuwa ukikutanisha misafara ya pembe na chumvi tangu zamani ukumbukwe kwa kukutana kwa wanaume wawili tu.

Mstari wa mwisho wa daftari ni wa mzee mmoja mfanyabiashara wa mawese. Unasema kwamba Shangazi alimdai shilingi 60,000. Tulipomweleza, mzee aliingia ndani, akatoka na daftari lake mwenyewe, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kwa mujibu wa daftari hilo ni yeye aliyekuwa akimdai Shangazi madumu mawili ya mawese na nauli ya mtumbwi.

Tulikaa barazani kulinganisha. Kazi ambayo ingechukua nusu saa ilichukua kutwa, kwa sababu mzee hakukubali kupita mstari wowote bila kueleza siku ile ilikuwaje: nani alikuwa na homa, mtumbwi upi ulivuja, Shangazi alimtania nani hadi akakasirika na kuondoka na mzigo. Mwanzoni Dada alikuwa akimrudisha kwenye hesabu. Baada ya adhuhuri ndiye aliyekuwa akiuliza maswali, na nilipomnong'oneza kwamba nimegundua kosa, kwamba madumu hayo mawili yalilipwa kwa dagaa mwaka uliofuata, aliniambia niache.

Mzee alilipwa madumu yake na nauli yake. Deni la shilingi 60,000 lilifutwa kwa kauli ya mzee kwamba Shangazi alilisamehe kwa mdomo, mbele ya shahidi ambaye naye ni marehemu. Nimeandika hivyo katika taarifa ya familia, pamoja na jumla: wadai wote wamelipwa isipokuwa mmoja wa Mpulungu, ambaye atasubiri mtu wa kuvuka. Tiketi ya kurudi nimekata moja. Dada amebaki Ujiji, kwa kuwa daftari la mzee lilikuwa limefika mwaka 1991 tu jua lilipozama.